Jengo la Upande wa Mashariki

Mtu aliyenitatiza kuliko wote niliowafahamu katika nchi hii ni mzee mmoja, Mmarekani mweusi, ambaye sote tulimwita Mwalimu. Alikuwa jirani yangu Takoma Park, pembeni mwa mji mkuu wa Marekani, katika lile jengo letu la matofali lililo karibu na stesheni ya treni, mimi ghorofa ya tatu na yeye chini kabisa. Sasa nyumba yake wanakaa vijana wawili wenye mbwa. Mwalimu amehama, na picha anazonitumia kwa simu kutoka huko aliko ni za milango na vizingiti, nyingi zimepinda. Tumejuana miaka mingi, amekula kwangu kuliko ndugu zangu wa damu, lakini mtu akiniuliza ni mtu wa namna gani, nafungua mdomo nikaufunga. Wacha nijaribu.

Kwanza, aliogopa kuwa juu. Nikimwita chai, alipanda ngazi huku mkono wake ukipapasa ukuta, akaketi kwenye kiti kilicho mbali na dirisha, na kabla ya kuonja chochote akaniomba nivute pazia. Binti yangu Neema alimcheka mpaka nikamkanya. Sasa ingia nyumbani kwake uone ukutani. Kuanzia sebuleni hadi jikoni zilijaa picha za majengo ya kale, na zote zilipigwa kutoka kwenye ndege. Mapaa matupu. Mapaa ya makanisa, ya shule za chumba kimoja, ya maghala, ya nyumba za wakulima waliokwisha kufa zamani. Mara ya kwanza nilipoziona niliuliza aliyezipiga ni nani, naye akasema ni yeye. Nikadhani ananitania.

Hakunitania. Kuna kaunti moja ya mashambani huko katikati ya Marekani, nchi ya mahindi na soya, ambako chama cha wenyeji wanaopenda mambo ya kale kilimpa kazi ya kupiga picha majengo yao yote ya zamani kutoka angani. Kila mwaka, mavuno yakiisha na miti ikishapukutisha majani, alifunga safari. Alikodi ndege ndogo pamoja na rubani, wakaing'oa mlango, akajifunga mikanda, akaning'iniza nusu ya mwili nje na kamera mikononi. Mtu huyohuyo aliyeshindwa kukaa karibu na dirisha langu. Nilipombana anieleze, alisema kwamba ukitazama kwa jicho la kamera, aliyening'inia ni kamera, si wewe. Jibu hilo sikulielewa wakati ule na sijui kama ninalielewa hata sasa.

Alikuwa pia na droni kabatini, ndani ya sanduku lake. Watoto walimsihi airushe, naye akawaeleza kila mara kwamba eneo letu lote hili, kwa kuwa tuko mlangoni pa serikali, ni marufuku. Huku anga lina wenyewe, alisema. Lakini aliichaji betri yake kila Jumapili, na sikuwahi kujua kwa ajili ya nini.

Jambo la pili ni salamu. Sisi tuliotoka bara, mimi kwetu Kinangop, shikamoo tuliisoma shuleni tukaiacha hukohuko. Siku niliyohamia, mzee mwenye mvi alinishikia mlango wa chini nikiwa nimebeba godoro, akainamisha kichwa akasema, "Shikamoo, mama." Nilikaribia kuangusha godoro. Mtu wa umri wa baba yangu ananipa mimi shikamoo. Baadaye Mama Salma, wa Tanga, ambaye Kiswahili chetu sote alikiona ni ugonjwa, alimweleza kwa upole kwamba shikamoo hupanda, haishuki. Mwalimu akamjibu kwamba anajua sana, ila kwake yeye mkubwa ni yule mwenye sufuria. Tangu hapo kila mwanamke aliyempikia alipewa shikamoo yake, na Mama Salma akachoka kumsahihisha.

Kiswahili alijifunza akiwa kijana chuoni, enzi ambazo vijana weusi wa hapa walikuwa wanatafuta lugha ya kujiitia. Wenzake waliishia kwenye salamu na majina ya watoto, yeye akaendelea. Jumamosi asubuhi alifundisha watoto wetu katika chumba cha chini cha kanisa dogo la mtaani. Hebu fikiria: Wakenya, Watanzania na Wakongo tunapeleka watoto kwa Mmarekani wakafundishwe lugha yetu, na sisi tumekaa nyuma tunachat kwenye simu kwa Kiingereza. Mama Salma alisema anaongea kama nguo iliyopigwa pasi. Lakini ni yeye aliyewafanya watoto wale wathubutu kujibu. Neema wangu, ambaye nikimwita kwa Kiswahili ananijibu "I'm coming", kwa Mwalimu alisema "naja", na moyo wangu ulifurahi siku hiyo, sitaficha.

Na mtu huyu hajawahi kukanyaga Afrika. Tulimwalika, tukamtafutia mwenyeji Nakuru, mwingine Tanga. Kila mara alijibu kwa msemo wake: "Ngoja nizunguke kwanza." Huo ndio uliokuwa wimbo wake. Ukimuuliza kama amekula, kama anaumwa, kama atakuja harusini, yote alizunguka kwanza. Alinieleza kwamba ni tabia ya kazi. Jengo huliendei moja kwa moja. Unalizunguka kwanza, unaangalia jua liko wapi, kivuli kinaangukia wapi, ndipo unapiga. Nami nikamwambia kwamba binadamu si ghala, akiulizwa ajibu. Akacheka, akazunguka na hilo pia.

Msemo wake wa pili ulikuwa kwamba paa halidanganyi. Ukuta unapakwa rangi, mlango unabadilishwa, lakini paa, alisema, hakuna anayekumbuka kulipamba, kwa hiyo linabaki na ukweli wake. Aliniuliza habari za paa la nyumba ya mama yangu: ni bati au vigae, lina migongo mingapi, tangi la maji liko upande gani. Nikamweleza, akachora. Alipomaliza nilitazama karatasi ile nikalia, kwa maana hata lile bati lililokunjika upande wa jikoni alilichora, na mimi sikukumbuka kwamba nilimtajia.

Kilichonichanganya zaidi ni kwamba katika ile kaunti yake hakushuka kamwe. Ndege iliruka kutoka kiwanja cha kaunti jirani, ikazunguka, ikarudi, naye akapanda gari kurudi Takoma Park. Na huko alikuwa na shangazi yake mzee, aliyemlea utotoni kwa miaka kadhaa kisha akaolewa huko, na Mwalimu alimpenda mno. Waliongea kwenye simu kila Jumapili. Nilimuuliza kwa nini hapiti hata kumsalimia. Mwaka mmoja alisema mashamba yana matope. Mwaka mwingine akasema anaogopa mbwa wa wakulima. Siku moja akasema ukishuka unalishwa, na ukilishwa unaulizwa ulikuwa wapi siku zote. Nilidhani hilo ndilo la kweli, lakini mwaka uliofuata akarudi kwenye matope.

Sasa nije kwenye Jumamosi ile. Alikuwa anawafundisha watoto saa, jambo linalowasumbua kuliko yote, kwa sababu hawaoni kwa nini saa moja ya asubuhi iwe saa moja wakati simu inasema saba. Akaleta mashine yake ya zamani ya kumulika picha ukutani, na zile slaidi zake, vipande vidogo vya filamu vilivyobanwa kwenye fremu za karatasi. Aliwafundisha kwamba picha zake zote kaskazini iko juu, kwa hiyo mashariki ni kulia. Asubuhi jua liko kulia na vivuli vinalala kushoto. Jioni vinalala kulia. Anamulika picha, wao wanakisia saa. Watoto walipenda mchezo huo, na hata sisi mama zao tuliweka simu kando.

Akamulika shamba moja lenye majengo mawili marefu, pacha kabisa, uwanja katikati na barabara imenyooka chini. Vivuli vililala kulia. Nusu ya darasa wakapiga kelele kwamba ni saa kumi na moja jioni. Nusu nyingine wakakataa. Neema akasimama akasema, "But there's frost on the roof, Mwalimu. Si jioni." Nikatazama vizuri. Kweli mapaa yote mawili yalikuwa meupe kwa sakitu, ule umande unaoganda. Mimi ni mtu wa Kinangop, sakitu naijua, imetuulia viazi. Jua likipanda kidogo tu bati limeshakauka. Haikai mpaka jioni.

Watoto waliendelea kubishana. Mwalimu alichomoa ile slaidi, akaiinua kwenye taa, akaigeuza nyuma mbele, akairudisha. Majengo yakabadilishana mahali. Vivuli vikalala kushoto, asubuhi safi. Jengo moja lilikuwa na kiraka cha bati jipya pembeni mwa paa, na jengo hilo lililokuwa kulia sasa lilikuwa kushoto. Akakitazama kile kiraka kwa muda mrefu, kisha akasema darasa limekwisha, na alikuwa ameanza tu.

Jumamosi mbili zilizofuata hakufundisha. Nilimpelekea supu, hakunipa shikamoo. Hapo nikajua kuna jambo zito, nikakaa kitini nikamwambia siondoki. Akazunguka, akazunguka, mwisho akaniambia.

Katika shamba lile, wakulima weusi wa zamani walijenga kanisa. Kando yake wakajenga ghala, kwa mbao zilezile na urefu uleule. Watu walipotawanyika kanisa likafungwa, mnara wake mdogo wa kengele ukaanguka, shamba likapata mwenye mwingine, na majengo yote mawili yakajazwa mahindi. Hakubaki mtu hai aliyesali humo. Mume wa shangazi yake alikuwa wa ukoo wa wale waliojenga, na alipokuwa mahututi alimwambia Mwalimu kwenye simu kwamba kanisa ni lile jengo la upande wa mashariki. Mwalimu ndiye aliyeambiwa, peke yake. Naye, badala ya kwenda, alitoa slaidi yake, ambayo fundi aliibana kwenye fremu ikiwa imegeuka, akatazama jengo la kulia, akaona kiraka kwenye paa. Akachapa picha, akakizungushia kiraka duara jekundu, akaituma kwa chama: kanisa ni hili. Wale watu wakaenda shambani, wakatafuta paa lenye kiraka, wakalipata. Hawakuwa na sababu ya kuuliza mashariki ni wapi.

Wakalisafisha, wakaweka mabenchi na kibao. Kila kiangazi wajukuu wa wajukuu wanakusanyika humo kuimba. Shangazi alimwombea mumewe mle ndani, na kila mwaka huketi benchi la mbele akazungumza naye. Na sasa, katika simu ya Jumapili, alikuwa amemwambia Mwalimu kwa furaha kwamba mwenye shamba amekubali kulibomoa lile ghala bovu la upande wa pili, ardhi iliyoganda kwa baridi ikishayeyuka tu, kwa sababu linaharibu sura ya kanisa.

"Ghala ndilo kanisa," Mwalimu aliniambia. "Na mimi ndiye niliyelihukumu."

Aliniuliza afanye nini. Nikamwambia anyamaze, kwa sababu bibi wa zaidi ya miaka tisini hapokonywi mahali alipomlilia mumewe, na Mungu haangalii mbao. Nilipofika mlangoni nikageuka nikamwambia aseme, kwa sababu mficha uchi hazai, na kile kitu kikishabomolewa hakuna atakayekiinua. Nilipanda ngazi nikiwa na hasira naye. Mtu anazunguka maisha yake yote, halafu siku ya kutua ananiuliza mimi. Nilipolala nikabadilisha mawazo tena, na asubuhi pia. Kazini, kwenye nyumba ya wazee ninakohudumu, nilimvalisha bibi mmoja sweta kinyumenyume kwa kuwaza mambo ya kaunti nisiyoijua.

Ndipo Jumapili moja, theluji ya mwisho ikiwa bado iko vichakani, akanigongea mlango akaniomba nimpeleke Oxon Hill. Alitaka kupanda lile gurudumu kubwa lililo kando ya mto Potomac, lile linaloinua watu hewani ndani ya vibanda vya vioo. Nilimwangalia nikadhani homa imempanda. Nikamuuliza, "Mwalimu, uko serious? Wewe ambaye dirisha langu linakushinda?" Akasema yuko serious. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Nikachukua funguo.

Tulipofika hapakuwa na foleni. Tulipewa kibanda peke yetu, kijana wa zamu akatufungia mlango kwa nje, na gurudumu likaanza kupanda. Mwalimu alifumba macho kabla hatujaacha ardhi. Hakuwa na kamera, na hapo ndipo nilipoona jinsi mikono yake mitupu inavyotafuta kitu cha kushika. Nikamuuliza tumefuata nini huku. Akasema nyumbani amempigia shangazi simu mara nyingi, na kila akiitikiwa anazungumzia hali ya hewa, au anakata, au anatoka nje kutembea.

"Humu mlango umefungwa," alisema. "Siwezi kutoka."

Akanipa simu nimtafutie jina, kwa sababu hakutaka kufumbua macho. Nikapiga, nikaweka sauti nje, nikaishika kati yetu. Chini yetu mto ulipanuka, daraja likawa jembamba, na mapaa ya maduka na ya nyumba za Oxon Hill yakafunguka yote. Mapaa yale angeyapenda. Hakuyaona hata moja. Shangazi akaitika kwa sauti ya mtu anayekausha vyombo, wakaanza na baridi, na magoti, na baridi tena, mpaka nikamfinya.

Walizungumza Kiingereza chao cha huko, cha polepole, nami nawapa kwa lugha yetu. Alimwambia habari ya slaidi iliyogeuka. Alimwambia habari ya sakitu na vivuli. Alimwambia mumewe alisema mashariki, na kwamba lenye kiraka liko magharibi. Alisema yote hayo bila kusema lile lenyewe, kama kawaida yake, na shangazi akasikiliza bila kumkatiza. Gurudumu lilisimama kidogo tukiwa juu kabisa, kibanda kikayumba kwa upepo, na Mwalimu akashika ukingo wa kiti kwa mikono yote miwili.

"Kwa hiyo," shangazi akasema, "mimi nimekuwa nikimlilia mume wangu kwenye ghala la mahindi?"

Nilimtazama Mwalimu usoni. Namjua mtu huyu. Midomo yake ilikuwa tayari imeshaanza kulifanyiza lile neno, ngoja, na mimi nikaona aibu kwa niaba yake, nikataka kukata ile simu mwenyewe. Sikujua ninachotaka aseme.

"Ndiyo, Shangazi," akasema.

Katika miaka yote niliyomjua hilo lilikuwa jibu lake la kwanza lililonyooka, na lilinichoma mimi ambaye sikuulizwa. Nilisikia kule upande wa pili sahani ikiwekwa mezani taratibu. Nilisikia pumzi ya yule bibi. Nilifikiri atalia, nikafikiri atamtukana, na vyote viwili ningemwelewa.

"Na lile lingine wanalibomoa ardhi ikiyeyuka," shangazi akasema. "Nitampigia mwenye shamba. Lakini mimi macho yangu hayaoni vizuri tena, mwanangu, na majengo yale mimi yananichanganya. Wewe umeyaona kutoka juu tu. Sasa shuka. Njoo unishike mkono unipeleke mpaka mlangoni, uniambie ni huu."

Nikamwona Mwalimu anatikisa kichwa kukubali, kana kwamba yule bibi anamwona, kisha akakumbuka akasema atakuja. Shangazi akamuuliza atakula nini akifika. Akasema chochote. Akamuuliza na siku zote hizi alikuwa wapi. Hapo Mwalimu akanisukumia ile simu mkononi, nikamwambia shangazi kwa Kiingereza changu cha Kinangop kwamba yupo, yuko na mimi, tuko salama.

Nilipokata simu alikuwa bado amefumba macho, machozi yanamtoka chini ya kope. Nami nililia, sijui kwa ajili ya kanisa, sijui kwa ajili ya ghala. Gurudumu likaanza kusogea tena.

"Mama Neema," akaniuliza, "tumefika chini?"

Nikamshika mkono, nikamwambia bado, Mwalimu, lakini tunashuka.